Nyumba moja, lafudhi tatu

Jumapili moja jioni, mtaani Kavimvira, Uvira, mashariki mwa Kongo, nilimkuta bibi mmoja ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, simu ameishika kwa mikono miwili mbele ya uso wake kama mtu anayejitazama kiooni. Upande wa pili ilikuwa mchana wa Marekani. Mjukuu wake wa miaka 10, kavaa fulana ya mpira wa kikapu, alikuwa anatikisa miguu kochini. Bibi alimuuliza kwa Kinyamulenge kama amekwisha kula. Mtoto akafikiri kidogo, akajibu kwa neno moja: inzara.

Bibi akakunja uso, akanigeukia.

"Anasema nini huyu? Kucha zake zina nini?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Shangazi alicheka, watoto wa jirani walicheka, na mimi nilicheka. Mtoto alitutazama kwenye simu, akasema kitu kwa Kiingereza ambacho hatukukishika, akamrudishia baba yake simu. Hakuonekana tena jioni ile.

Kinyamulenge, kama Kirundi na Kinyarwanda, ni lugha ya toni. Maana hubebwa na herufi, na hubebwa pia na mlio: sauti inapanda wapi, inashuka wapi. Inzara ya njaa na inzara ya kucha ukiziandika ni neno moja. Sikio la mwenyeji ndilo linalozitenga. Mjukuu alikuwa na neno sahihi kabisa mdomoni. Aliliimba kwa wimbo wa Kiingereza, njaa ikageuka kucha.

Kiswahili chake nacho kimepitiwa na upepo huohuo. Wamarekani huilainisha t iliyo katikati ya irabu mbili hadi ikakaribia d, kwa hiyo "mutoto", kama tunavyotamka Uvira, kwake hutoka "mutodo". O ya mwisho ya "leo" haitulii: huanza o ikaishia u. P, t na k za mwanzo wa neno hutoka na pumzi, kama mtu anayezima mshumaa. Na ng' ya ng'ombe imemshinda kabisa. Kiingereza kinayo sauti hiyo, ila hakianzi nayo neno, basi mtoto hugonga n, kisha g, kisha anaendelea na safari yake. Babu yake huko juu Bijombo alihesabu utajiri kwa ng'ombe. Mjukuu anamtamka mnyama huyo kwa kujikwaa.

Ukoo huu ni wa Bijombo, kwenye milima mirefu inayosimama nyuma ya Uvira, mahali ambapo asubuhi ya Julai unavaa sweta mbili na bado unautafuta moto. Ni nyumbani kwa Wanyamulenge, Wafuliiru, Wavira, Wanyindu na Wabembe, watu ambao vita vimewatenganisha na soko likawakutanisha. Bibi aliteremka mwaka 2019, wakati vijiji vya huko vilikuwa vinachomwa kimoja baada ya kingine. Mwanawe alikuwa ametangulia zamani: kwanza Bujumbura, halafu Nairobi, na mwaka 2016 akapanda ndege na mkewe na watoto watatu kwenda Marekani. Hawakuwa peke yao. Katika mwaka wa bajeti wa Marekani wa 2016, nchi hiyo ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, wengi kuliko waliotoka nchi nyingine yoyote mwaka huo.

Watoto hao watatu ndio walionifanya niandike makala hii. Siku walipopanda ndege, wa kwanza alikuwa na miaka 14, wa pili 8, kitinda mimba 3. Baba ni mmoja, mama mmoja, chakula kimoja, mtaa mmoja wa Kimarekani. Ukiwafumba macho wasikilizaji na kuwaachia sauti peke yake, hakuna atakayesema hawa ni ndugu.

Wa kwanza anaongea Kiingereza kama kijana wa Kasarani, Nairobi. R zake zinagonga, irabu zake ni tano tu, zimenyooka. Kiswahili chake kina Sheng ndani. Amemaliza sekondari Marekani, amefanya kazi Marekani, na bado kila anapofungua mdomo dukani anaulizwa ametoka nchi gani. Kitinda mimba haulizwi na mtu. Anaongea kama watoto wa mtaani kwake, na Kinyamulenge chake mmekisikia. Wa katikati ndiye fundi. Mlangoni anapotoka ana lafudhi moja, mlangoni anapoingia ana nyingine. Mama yake anasema hutambua alipo kwa kumsikia tu: akiwa kwenye simu na wenzake wa shule, ni Mmarekani, akigeuka kuuliza kama sombe imebaki kwenye sufuria, Kiingereza chake kinarudi kuwa kama cha baba.

Hii miaka 14, 8 na 3 haikujipanga kwa bahati. Mwaka 1992 mwanaisimu J. K. Chambers wa Kanada alichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana sita wa Kikanada waliohamia Oxfordshire, Uingereza. Lugha yao ilikuwa Kiingereza kule walikotoka na Kiingereza kule walikokwenda. Kilichobadilika ni matamshi na baadhi ya maneno. Aliona kwamba maneno ndiyo huhama kwanza. Mtoto huacha jina la kitu alilolizoea na kushika la wenzake kabla ulimi wake haujaanza kugeuza sauti. Hitimisho lake kuhusu umri wanaisimu wanalirudia hadi leo: aliyefika na miaka 7 au chini yake karibu hakika atazishika sauti za mahali papya zote; aliyefika na miaka 14 au zaidi karibu hakika hatazimaliza. Katikati hapo ni bahati na mtu mwenyewe. Nilipomsomea baba wa watoto hawa maneno hayo kwenye simu, alinyamaza, kisha akasema, "Huyo mzee alikuja kwangu lini?"

Isidhaniwe kwamba kuna mlango unaofungwa kwa kishindo siku ya kuzaliwa ya kumi na nne. James Flege na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1995, waliwasikiliza Waitaliano 240 waliohamia jimbo la Ontario, Kanada, wakiwa na umri wa miaka 2 hadi 23. Kadiri mtu alivyochelewa kufika ndivyo lafudhi yake ya Kiitaliano ilivyosikika zaidi, ikipanda taratibu kama mlima wa Bijombo na si kama ukuta.

Kazi yenyewe huanza mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani na Ufaransa walirekodi vilio vya watoto wachanga wenye siku chache tu duniani. Wa Kifaransa walielekea kulia kwa sauti inayopanda, wa Kijerumani kwa sauti inayoshuka, sawa na mwendo wa lugha walizokuwa wakizisikia tumboni. Kabla ya hapo, mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walikuwa wameonyesha kwamba mtoto wa miezi sita hutenganisha sauti za lugha ambazo wazazi wake hawajawahi kuzisikia, na akikaribia mwaka mmoja uwezo huo unamponyoka. Ni sikio linalochagua kazi. Linaziacha tofauti zisizo na maana nyumbani kwao, linazinoa zile zenye maana. Ndiyo sababu mtu mzima aliyelelewa na Kirundi anaweza kukwambia "kurara" akiamini kwa dhati amesema "kulala". Tena ukichunguza utakuta ni kitenzi kilekile. Kurara ni kulala usiku mahali, na hizo r na l ni ndugu waliotengana njiani.

Jambo linalowaumiza wazazi, hata hivyo, halipo katika miezi ya kwanza. Lipo pale mtoto anapoanza kuwa na marafiki. Milton Keynes ni mji wa Uingereza ulioanzishwa mwaka 1967 kwa kuwakusanya watu kutoka kila upande wa nchi. Katika miaka ya 1990 Paul Kerswill na Ann Williams walikwenda kuwasikiliza watoto 48 wa huko, wa miaka 4, 8 na 12. Wale wa miaka 4 walisikika kama walezi wao, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Wale wakubwa walikwisha kuachana na wazazi, wakawa wanafanana wao kwa wao. Hakuna aliyewaagiza. Mwalimu hakuwafundisha. Uwanja wa michezo ulitosha.

Baba mmoja wa Uvira anayeishi ng'ambo aliniandikia kwa hasira kwamba binti yake "anajidai", kwamba anaongea puani kusudi ili asionekane mtoto wa wakimbizi. Simlaumu kwa uchungu wake, ila namwambia amekosea. Mtoto wa miaka sita hakai kitandani usiku kupanga irabu. Anachotaka ni kupewa mpira, na lafudhi huja pamoja na mpira. Chambers huyohuyo baadaye aliandika kuhusu kijana wa Toronto, mtoto wa wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, ambaye kwa muda mrefu hakujua kwamba wazazi wake wana lafudhi. Watu wengine waliisikia, yeye hakuisikia. Alikuwa amejengewa chujio lililochukua lugha ya mama na kuacha matamshi yake. Kwa hiyo yule binti hakuikataa sauti ya baba yake. Huenda hata hajaisikia.

Na wazazi wasijione wamefutwa. Huko King of Prussia, kitongoji cha Philadelphia, mtafiti Arvilla Payne aligundua katika miaka ya 1970 kwamba watoto waliohamia hapo walizishika upesi sauti nyingi za wenyeji, lakini kanuni moja ngumu ya kutamka a hawakuimudu isipokuwa wale ambao wazazi wao walikuwa wenyeji wa eneo la Philadelphia. Kuna vitu ambavyo marafiki hawavitoi.

Nimeanza na Marekani kwa sababu ndiko simu zinakopigwa. Kwa mtoto wa Bijombo, lakini, nchi mpya huanzia chini ya mlima. Ni mwendo wa siku nzima kwa mwenye miguu mizuri, na akifika kwenye barabara ya Uvira tayari anachekwa. Kiswahili cha mjini kina mambo yake: "batoto banacheza", "katoto kadogo", "minapendaka ndagala". Mwalimu wa Dar es Salaam angeshika kichwa, lakini hicho nacho kina sheria zake, na mtoto wa Mulongwe anajua kosa na sahihi ndani yake kama mwalimu anavyojua za kwake. Mtoto aliyeteremka na Kinyamulenge au Kinyindu anapewa muhula mmoja, au miwili, wa kutaniwa. Kisha siku moja mama anamwita kutoka dirishani na anayejibu ni mtoto wa Uvira.

Ukivuka mpaka wa Kavimvira, Bujumbura haifiki kilomita 30. Huko Kiswahili kina mitaa yake, Buyenzi ikiwa ya kwanza, na kimelowana Kirundi na Kifaransa. Ukivuka ziwa kwenda Kigoma, kina adabu ya Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwishoni mwa 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Kivu Kusini, na watoto waliozaliwa humo wamekuwa wakisoma kwa mtaala wa Kongo, Kifaransa darasani, huku Kiswahili cha redio na soko kikiwa cha Kitanzania. Wakongomani waliporudi kwa meli kutoka kambi za Kigoma kuanzia 2005, mwambao wa Fizi ulisikia watoto wa Kibembe wanaosema "naomba" pale ambapo wenzao wangesema "unipe". Nakumbuka walivyotaniwa. Walionekana wanajidai, neno lilelile la yule baba.

Kisa kikubwa kuliko vyote kwenye ziwa hili ni cha Warundi. Waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, magharibi mwa Tanzania, wakakaa huko zaidi ya miaka 35. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao. Maelfu ya wengine walikuwa wamerudi Burundi tangu 2008, wakiwa na watoto na wajukuu waliosoma kwa Kiswahili. Walikuta shule inayofundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Kirundi walikuwa nacho cha nyumbani, chenye mlio wa Tabora na Mpanda. Mtu akawa mgeni katika kijiji alichozaliwa babu yake, na kilichomtoa kwenye kundi hakikuwa sura wala jina. Alifungua mdomo.

Hapo ndipo suala la lafudhi, kwetu, linapoacha kuwa la watoto na mizaha. Sisi wa ukanda huu tunajua lafudhi inavyoweza kusomwa kama kitambulisho. Wanaosoma Biblia wanakumbuka Waamuzi sura ya 12: watu wa Gileadi waliteka vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke Shibolethi. Mwefraimu alisema Sibolethi. Kitabu kinataja waliouawa 42,000, kwa herufi moja. Mwaka 1937, katika Jamhuri ya Dominika, maelfu ya Wahaiti waliuawa kwa amri ya Rais Trujillo, na inasimuliwa kwamba askari waliwapima watu kwa neno la Kihispania la jani la kiungo, lenye r na kh ambazo ziliwashinda Wahaiti. Vizuizi vya barabarani vimejaa katika historia yetu tangu 1996. Sitaandika nani alimuuliza nani neno gani kwenye kizuizi kipi. Wenye umri wangu wanajua.

Kwa hiyo mzazi wa Bijombo anaposikia lafudhi ya mtoto wake inabadilika, masikio yake yana kumbukumbu ambazo mzazi wa Milton Keynes hana. Nimewasikia wanaolia. Nimewasikia pia wanaoshukuru, na hao hawasemi kwa sauti kubwa. Mama mmoja aliyepoteza watu Gatumba, katika kambi iliyokuwa upande wa Burundi, karibu na mpaka wetu, ambako usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa, aliniambia hivi kuhusu wanawe walioko ng'ambo: "Bacha baongee kama wale ba kule. Hakuna mutu atabajulia kwa mudomo." Wacha waongee kama wa huko; hakuna atakayewatambua kwa midomo yao. Sikuwa na la kumjibu. Kwake lafudhi mpya ni paa.

Sandra Uwiringiyimana aliokoka usiku huo akiwa na miaka 10. Mwaka 2007 alifika na familia yake Rochester, jimbo la New York, katika ule umri wa katikati ambao Chambers hakuutolea ahadi. Mwaka 2017 alichapisha kitabu cha maisha yake, How Dare the Sun Rise, kwa Kiingereza. Simulizi la Gatumba lilihitaji lugha ya wale waliokuwa hawalijui, na mtoto aliyeishika lugha hiyo ndiye aliyelifikisha.

Lafudhi ya Kimarekani katika Kiingereza cha mtoto, basi, hainiogopeshi hata kidogo. Na iende. Ninachokiogopa ni kile kilichotokea Kavimvira jioni ile: mtoto kurudisha simu.

Kuna utafiti mmoja unaonikosesha usingizi. Mwaka 2003 Christophe Pallier na wenzake, Ufaransa, waliwapima watu wazima waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Kifaransa wakiwa na miaka 3 hadi 8. Walikuwa wamekuja na lugha nzima kichwani, lugha ya kuombea maji na kugombana. Walipochezewa sauti za Kikorea wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, ubongo wao uliitikia kama wa Wafaransa ambao hawajawahi kuisikia lugha hiyo. Miaka minane ya lugha inaweza kuzama hivyo. Mjukuu wa Kavimvira aliondoka na miaka 3.

Miaka 14 baadaye, mwaka 2017, zikaja habari nyingine kutoka Uholanzi, kwa Wakorea wengine waliolelewa huko. Walipofundishwa upya sauti za Kikorea, walizitamka vizuri kuliko Waholanzi waliofundishwa pamoja nao, hata wale walioondoka Korea wakiwa wachanga ambao hawajaanza kusema. Kilichozama kilikuwa bado kipo chini, kama mtumbwi kwenye tope la ziwa. Ila lazima mtu aje kuuvuta.

Na hauvutwi kwa kicheko. Wazazi wengi ng'ambo wanaamini watoto wameikataa lugha. Kwa niliyoyaona, watoto wengi wameikimbia aibu. Mtoto anaielewa kila siku, mezani na garini, na anajibu kwa Kiingereza kwa sababu Kiingereza hakimletei mashangazi wanaojishika mbavu. Kila safari anapojaribu analipishwa. Akifika miaka kumi na miwili amekwisha piga hesabu, anaacha kujaribu, na watu wazima wanasema, "Mnaona? Amesahau."

Nilirudi kwa yule bibi wiki mbili baadaye kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Alikuwa anachambua maharage. Nilimuuliza kama aliudhika mjukuu alipoondoka kwenye simu. Akachambua kidogo, kisha akanisimulia habari ambayo sikuitarajia. Alipokuwa msichana alikuwa anateremka kutoka Bijombo na mama yake kuleta samli sokoni Uvira. Kinyamulenge alikuwa nacho, Kiswahili alikuwa na maneno kumi. Siku ya kwanza alipotangaza biashara yake alisema "samuri". Wauza samaki walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Miye sikusema tena," akaniambia kwa Kiswahili cha Uvira, kizuri kabisa. "Mwaka muzima nikakuwa nauzisha na bidole. Mbili, tatu, tano. Bidole tu."

Nilimuuliza nani alimtoa kwenye vidole. Akasema ni mama mmoja Mfuliiru, muuza chumvi, aliyekuwa anaketi karibu naye. Huyo mama hakumsahihisha. Alikuwa anamuuliza kitu, anangoja, na jibu likija limepinda analirudia limenyooka kana kwamba ndivyo lilivyosemwa, kisha anaendelea na mazungumzo. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake yote. Walimu wa lugha wanayo majina marefu ya mbinu hiyo. Muuza chumvi hakuwa na jina lake.

Jumapili iliyofuata nilikuwepo tena simu ilipoita. Safari hii bibi alikuwa amewafukuza watoto wa jirani uani, na shangazi alionywa. Mjukuu alitokea upande upande, nusu ya uso. Bibi alimuuliza tena kama amekula. Mtoto akasita, akamtazama baba yake, akalisema neno lake: inzara, zile za kucha.

"Inzara," bibi akaitikia, taratibu, sauti ikipita mahali pake. "Una inzara? Mama amepika nini?"

Mtoto alilirudia. Halikukaa sawa, ila lilikuwa limesogea. Kisha akamwambia bibi habari ya mbwa wa jirani, nusu Kinyamulenge, nusu kitu kingine, na t zake zote zilikuwa d. Tulikaa kimya tukimsikiliza. Maongezi yalichukua dakika kumi na moja, niliangalia saa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mjukuu ng'ambo, simu yako ya Jumapili ikiingia, mwache amalize sentensi yake.